Mpaka ni Pampu: Njia ya Mafuta ya Pikapu ya Dizeli na Yale Unayoweza Kutengeneza Mwenyewe

(Muziki wa kufungulia kipindi. Punguza, kisha ondoa.)

Wale mnaosikiliza kwa vikundi, sogeeni karibu na redio, na yule mwenye kalamu ya kikundi akae tayari, maana mwisho wa kipindi tutatoa maswali.

Majuma mengi tumezungumza juu ya mbegu, mbolea na wadudu. Leo tutazungumza juu ya kitu kisichoota shambani, lakini kikigoma, jasho lako la msimu mzima linaweza kuoza kando ya barabara. Kitu hicho ni pikapu ya dizeli.

Si ajabu siku hizi kukuta wakulima watano au sita wamechangishana fedha wakanunua pikapu iliyokwisha tumika: Toyota Hilux, Land Cruiser, au Land Rover ya zamani. Ni jambo jema. Mwenye gari lake hapangiwi bei na mwenye gari la kukodi. Lakini gari kuukuu lina mambo yake, na fundi hodari yuko mjini, mbali. Ndiyo sababu wengi wetu tunashika spana wenyewe. Sikuja hapa kuwalaumu. Nataka tu leo tukubaliane mpaka: mkono wa mwenye gari ufike wapi, na ukome wapi.

Tuchukue mfano. Mkulima amepakia magunia ya vitunguu pale Ruaha Mbuyuni, chini bondeni, anayapeleka soko la Iringa. Kwenye tambarare gari linakwenda vizuri tu. Likianza kupanda mlima Kitonga, nguvu zinapungua. Dereva anakanyaga mafuta mpaka mwisho, gari halijibu. Anasimama kando, injini inanguruma vizuri kana kwamba haina ugonjwa. Anaanza tena kupanda, inazimika. Malori yako nyuma yake, jua linazama, na vitunguu viko mgongoni.

Hapo anatokea kijana mwenye spana. Anatazama kidogo, anasema, "Mzee, pampu yako imechoka. Tuiongezee mafuta." Anazungusha skrubu ya pampu. Gari bado halipandi. Usiku mzima wanalala pale, asubuhi wanavutwa na lori kwa malipo. Kule Iringa fundi anafungua chujio la mafuta, anakuta limeziba kwa kutu na tope jeusi. Analibadilisha, nguvu zinarudi. Lakini ile skrubu hakuna aliyeirudisha mahali pake. Tangu siku ile gari linatoa moshi mweusi kama tanuru la mkaa, na mafuta linakunywa kupita kiasi. Ugonjwa ulikuwa mmoja na wa bei ndogo. Sasa yako magonjwa mawili, na la pili ni la bei kubwa.

Kwa nini gari lilinguruma vizuri likiwa limesimama? Jaribu kunywa maji kwa mrija ulioziba nusu. Ukinywa kidogo kidogo, maji yanakuja. Ukiwa na kiu kali ukavuta kwa nguvu, hayatoshi. Injini ikiwa imesimama bila mzigo inataka mafuta kidogo, na chujio lililoziba linaweza kuyatoa. Ikipanda mlima na mzigo inataka mafuta mengi, chujio halina. Kwa hiyo, gari linalokosa nguvu mlimani tu, usikimbilie kuilaumu pampu. Anza na njia ya mafuta.

NJIA YENYEWE

Tuifuate njia hiyo kama mtu anayefuata mfereji kutoka mtoni mpaka kwenye jaruba. Mafuta yanatoka kwenye tangi, yanapita kwenye mabomba ya chuma na mipira chini ya gari, yanaingia kwenye chujio. Kwenye magari mengi ya aina tuliyotaja, juu ya chujio pana kidude cha kubonyeza kwa kiganja. Hiyo ni pampu ya mkono. Chini ya chujio pana kizibo cha kutolea maji. Kutoka kwenye chujio mafuta yanaingia kwenye pampu kubwa, ile ya injini. Kutoka kwenye pampu yanapita kwenye vibomba vyembamba vya chuma kigumu, kimoja kwa kila silinda, mpaka kwenye nozo. Nozo ndiyo inayoyapuliza ndani ya injini. Yanayobaki hurudi tangini.

Injini ya dizeli haina plagi za kutoa cheche kama ya petroli. Yenyewe hukandamiza hewa mpaka hewa inakuwa ya moto mkali, ndipo nozo inapulizia mafuta yakiwa kama ukungu, na mafuta yanawaka yenyewe. Ili mafuta yawe ukungu, lazima yasukumwe kwa nguvu nyingi mno. Nozo ya injini hizi za zamani hufunguka kwa nguvu inayopita mara thelathini ya ile ya upepo ulio ndani ya tairi la pikapu. Na ili pampu iweze kusukuma hivyo bila kuvuja, vyuma vyake vya ndani vimesagwa vikalingana hata nafasi iliyobaki kati yao ni sehemu chache tu za elfu moja ya milimita. Unywele wa kichwa chako ni mnene kupita nafasi hiyo mara nyingi.

Sasa mpaka wenyewe ndio huu: MPAKA NI PAMPU. Upande wa kwanza, kutoka tangini mpaka mafuta yanapoingia kwenye pampu, ni upande wa nguvu ndogo. Hapo mwenye gari mwangalifu anaweza kusafisha, kubadilisha na hata kuongeza vitu. Upande wa pili, kuanzia pampu yenyewe mpaka kwenye nozo, ni upande wa nguvu kubwa. Hapo si pako wala si pangu. Hapo ni pa fundi wa pampu na nozo, mwenye vipimo vyake mezani.

YALE UNAYOWEZA KUFANYA

Kwanza, linda mafuta kabla hayajaingia tangini. Wengi wetu tunanunua dizeli kwa madumu, tunaihifadhi kwenye pipa. Maji ni mazito kuliko dizeli, hukaa chini. Pipa likisimama nje, mvua hujaa juu ya kifuniko, na mchana wa joto ukifuatwa na usiku wa baridi, pipa huvuta yale maji ndani hata kama kizibo kimekazwa. Basi lilaze pipa ubavu, chini ya kivuli, vizibo vyake viwili vikiwa usawa mmoja, kimoja kushoto, kimoja kulia. Likishatikiswa, liache litulie siku nzima kabla ya kuchota, na usichote mpaka chini kabisa. Usiweke dizeli katika pipa au ndoo ya bati lililopakwa zinki, yale mabati meupe. Zinki na dizeli havipatani. Hutengeneza utando kama sabuni unaoziba chujio. Na unapomimina, tumia faneli yenye wavu laini wa chuma. Kitambaa cha kanga kuukuu kinaacha nyuzi, na nyuzi nazo zinasafiri.

Pili, toa maji kwenye chujio kila juma. Weka chupa ya kioo chini ya kizibo, legeza kizibo, bonyeza pampu ya mkono mara kadhaa, kisha kaza. Iache chupa itulie kidogo, uitazame kwenye mwanga. Ukiona mstari, na chini yake kitu cheupe cheupe, hayo ni maji. Endelea kutoa mpaka ije dizeli safi. Ukiona tope jeusi lenye utelezi, ujue ndani ya tangi kuna vijidudu; vinaota pale maji na dizeli vinapokutana. Hapo kubadilisha chujio peke yake hakutoshi, tangi lazima lioshwe. Na yale uliyoyatoa usiyamwage karibu na kisima.

Tatu, badilisha chujio kwa wakati. Kila kilomita 10,000 ni kiasi kizuri, na mapema zaidi kwa anayetumia mafuta ya madumu. Andika tarehe na kilomita kwenye daftari la gari. Unapoweka chujio jipya, hakikisha ule mpira wa duara wa chujio la zamani haukubaki umeganda juu. Mipira miwili ikilaliana, hewa inaingia. Paka mpira mpya dizeli safi kidogo, funga kwa mkono. Usilijaze chujio kwa mafuta ya dumu, maana mafuta hayo hayakuchujwa. Pampu ya mkono italijaza yenyewe.

Nne, na hili ndilo ongezo kubwa ninalowapendekezea: weka chujio la pili la kutenga maji, lenye kibakuli chini na kizibo chake, kati ya tangi na chujio la zamani. La kwanza litabeba maji na uchafu mkubwa, la zamani libaki na uchafu mdogo. Nunua lililotengenezwa kwa injini ya dizeli. Vile vichujio vidogo vya plastiki vya pikipiki au vya gari la petroli havifai. Vinapitisha mafuta kidogo, na utakuwa umejitengenezea Kitonga yako mwenyewe. Lifunge mahali unapoweza kuliona na kulifikia, mbali na bomba la moshi, na juu kiasi cha kutopigwa na mawe. Liwe limesimama wima, na mshale wake uelekee injini. Mipira iwe ya mafuta, upana wa ndani uleule wa mipira ya zamani, na kila ncha iwe na klipu yake ya kukaza kwa skrubu. Mpira wa kumwagilia bustani utalainika na kubonyea. Kipande cha mpira wa baiskeli kilichofungwa kwa waya ni cha kukufikisha nyumbani tu, si cha kuishi nacho.

Tano, tazama mfuniko wa tangi. Mara ngapi tumeona tangi limezibwa kwa gunzi lililoviringwa mfuko wa plastiki? Tangi linahitaji kupumua. Mafuta yakitoka lazima hewa iingie mahali pake, la sivyo pampu inavuta na tangi nalo linavuta. Gari likizimika, fungua mfuniko usikilize. Ukisikia hewa ikiingia kwa mluzi, na gari likawaka na kwenda vizuri kwa muda, ugonjwa umeuona. Nunua mfuniko wa kweli, au safisha kitundu chake cha kupumulia.

HEWA, ADUI ASIYEONEKANA

Hapa nataka tukae kidogo, maana ndipo fedha nyingi za wakulima zinapopotea.

Bomba la maji likipasuka nyumbani unaona maji yanadondoka. Kwenye pikapu nyingi za dizeli sivyo. Pampu ya injini inavuta mafuta kutoka tangini kama mtu anayevuta kwa mrija. Mpira ukiwa na ufa mdogo, mafuta hayadondoki. Badala yake hewa inaingia. Unatazama chini ya gari, pakavu kabisa, unasema mipira ni mizima. Kumbe ndiyo mgonjwa. Dalili zake ni hizi: asubuhi gari linawaka, linazimika, kisha linakataa mpaka ubonyeze pampu ya mkono; au linakwenda kwa kushtukashtuka kama punda aliyeona nyoka.

Sasa fanya kipimo cha dumu. Safisha dumu dogo vizuri, tia dizeli safi, liweke mahali pa juu kuliko chujio, mbali na bomba la moshi, na mtu alishike lisianguke. Chomoa mpira unaotoka tangini pale unapoingia kwenye chujio, na mahali pake chomeka mpira mzima unaotoka kwenye dumu. Bonyeza pampu ya mkono mpaka iwe ngumu. Washa injini gari likiwa limesimama, breki ya mkono imevutwa. Iache ingurume, ipigishe resi mara kadhaa.

Ikienda vizuri, ugonjwa uko nyuma, kati ya hapo na tangi: mipira, bomba lililotoboka kwa kutu, au tangi lenyewe. Hiyo ni kazi yako, na bei yake ni ndogo. Ikiendelea kusumbua, badilisha chujio na mpira wake wa duara, ujaribu tena. Ikisumbua bado, sasa umefika mpakani. Weka spana chini, umwite fundi wa pampu. Lakini utamwita ukiwa na habari kamili mkononi, hutamwambia tu, "Gari linagoma." Na fundi mwenye tamaa hataweza kukuuzia pampu usiyoihitaji.

Kipimo hiki ni cha gari lililosimama tu. Usije ukaingia barabarani na dumu la dizeli juu ya injini. Magari yamekwisha ungua kwa mchezo huo.

Baada ya kazi yoyote upande huu, toa hewa. Legeza kidogo skrubu ya hewa iliyo juu ya chujio kama ipo, bonyeza pampu ya mkono mpaka yatoke mafuta yasiyo na mapovu, kaza, kisha bonyeza tena mpaka iwe ngumu. Usilazimishe stata kwa dakika nzima; utaua betri na stata yenyewe. Piga kidogo, pumzisha, piga tena.

YALE USIYOYAGUSA

Haya, sasa tuvuke mpaka kwa macho tu, bila mikono.

La kwanza ni ile skrubu ya pampu. Ni kweli, ukiizungusha mafuta yanaongezeka. Lakini injini inahitaji hewa ya kuyachomea, na hewa haikuongezeka. Silinda ni ileile. Mafuta yasiyopata hewa yanatoka nje kama moshi mweusi, yaani fedha yako inakwenda angani, na huku injini inapata joto kupita kiasi. Kichwa cha injini kinaweza kupasuka, pistoni zinaweza kuungua. Ile lakiri iliyowekwa kwenye skrubu si pambo. Ukikuta imekatwa kwenye gari unalotaka kununua, uliza kwa nini.

La pili ni nozo na vibomba vyake, na hapa nasema kwa ukali, maana si habari ya fedha tena. Mafuta yanayotoka kwenye nozo au kwenye kibomba kilichopasuka yana nguvu ya kutoboa ngozi. Wako waliotaka kuonyesha kwamba nozo inapuliza vizuri, wakaweka kiganja mbele yake. Kinachoonekana ni kitundu kidogo kama umechomwa na mwiba. Hakiumi sana. Mtu anafuta mkono, anaendelea na kazi. Lakini dizeli imeingia chini ya ngozi, inasafiri kwenye nyama, inaiua. Baada ya saa chache mkono unavimba na kuuma vikali, na kidole au kiganja kinaweza kukatwa. Ndugu yangu, ikikupata, usingoje uvimbe, usifunge kwa kitambaa ukalala. Nenda hospitali yenye daktari wa upasuaji saa ileile, na mwambie wazi: "Dizeli imeingia chini ya ngozi kwa nguvu ya nozo." Usiposema hivyo, yeye naye anaweza kuona kitundu kidogo tu. Na ukitaka kujua kama kibomba kinavuja, pitisha kipande cha boksi, usipitishe mkono.

La tatu ni kuchomelea tangi. Tangi limetoboka, unalimwaga likakauka, unalipeleka kwa mchomeleaji. Unasema halina mafuta. Kweli halina mafuta, lakini lina mvuke wa mafuta, na huo mvuke ndio unaolipuka. Tangi tupu linaweza kuua kuliko lililojaa. Tafuta tangi jingine, au mpelekee fundi anayejua kuliosha na kuliondolea mvuke kabisa kabla ya moto kusogea.

La nne ni kubadilisha mafuta yenyewe. Hapa yako mambo mawili.

Kuna kuchanganya mafuta ya taa. Zamani mafuta ya taa yalitozwa kodi ndogo, na wafanyabiashara wasio waaminifu wakayachanganya na dizeli. Ndiyo sababu Tanzania ilianza mwaka 2010 kutia vinasaba katika mafuta ili kuyatambua, na mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili kuondoa faida ya mchezo huo. Kenya nayo mwaka 2018 iliweka ushuru maalumu kwenye mafuta ya taa kwa sababu hiyohiyo. Kwa mwenye pikapu ubaya wake ni huu: kwenye magari mengi ya aina hii pampu haina oili ya kuilainisha ndani, inalainishwa na dizeli inayopita. Mafuta ya taa ni mepesi, hayalainishi vizuri, na vile vyuma vilivyosagwa kwa uangalifu vinakwaruzana. Petroli ndiyo mbaya zaidi.

Halafu kuna mafuta ya mimea. Mkulima wa alizeti atasema, "Mimi nina mafuta yangu, kwa nini ninunue dizeli?" Si swali la kijinga. Katika maonyesho makubwa ya Paris mwaka 1900, injini ya aina hii iliyobuniwa na Rudolf Diesel iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Kwa hiyo injini inaweza kuwaka. Taabu ni kwamba mafuta ya alizeti ni mazito kama mara kumi ya dizeli. Nozo inashindwa kuyafanya ukungu, inatoa matone. Matone hayaungui yote. Yanaacha masizi magumu kwenye ncha ya nozo, ringi za pistoni zinaganda, na mengine yanashuka kwenye oili ya injini na kuifanya nzito kama uji. Gari litakwenda vizuri wiki ya kwanza na utatamba kijijini. Ugonjwa unakuja baadaye.

Wako waliofunga matangi mawili: wanawasha kwa dizeli, injini ikipata moto wanahamia mafuta ya mimea yaliyopashwa moto kwa maji ya rejeta, na kabla ya kuzima wanarudi kwenye dizeli. Hiyo ni kazi ya mtambo na uangalizi wa kila safari, na ukisahau siku moja tu kurudi kwenye dizeli, asubuhi una uji ndani ya pampu. Wengine huyageuza mafuta ya mimea kuwa dizeli kwa kutumia methano na magadi makali ya kuunguza. Methano ni sumu ya kupofusha na kuua, na inashika moto upesi. Si kazi ya jikoni kwenye watoto. Na piga hesabu: mara nyingi lita moja ya alizeti ukiiuza kama mafuta ya kupikia inanunua zaidi ya lita moja ya dizeli. Iuze, ununue dizeli, ubaki na chenji.

NENO JUU YA MAGARI MAPYA

Pikapu nyingi zilizotengenezwa kuanzia miaka ya 2000, kama Hilux za D-4D, zina njia nyingine ya mafuta. Nguvu ndani ya mabomba yake hupita mara elfu moja ya ile ya hewa inayotuzunguka, na kompyuta ndiyo inayoamuru kila nozo ipulize lini na kiasi gani. Kwenye gari la namna hiyo usilegeze kamwe nati ya kibomba cha nozo injini ikizunguka, kama mafundi walivyozoea kwenye magari ya zamani. Kazi yako imebaki kutoa maji, kubadilisha chujio la aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, na kununua mafuta safi. Nozo zake hazivumilii uchafu hata kidogo, na bei yake itakufanya uuze ng'ombe.

KUFUNGA

Ndugu wakulima, wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika pikapu ya dizeli, ufa ni maji katika dumu, chujio la mwaka juzi, mpira wenye mpasuko usiodondosha kitu, na gunzi kwenye tangi. Ukuta ni pampu na nozo. Nyufa hizo zote ziko upande wako wa mpaka, zibeni wenyewe, kwa spana chache na chupa ya kioo. Na gari likikosa nguvu mlimani, mzigo ukiwa mgongoni na giza likiingia, mtu akija na bisibisi akiielekeza kwenye pampu, mshike mkono. Mwambie, "Ngoja kwanza tutazame chujio."

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:

1. Dizeli yenu inahifadhiwa wapi, na pipa limesimama au limelazwa? Nani atalitengeneza juma hili?

2. Chujio la gari la kikundi lilibadilishwa lini mara ya mwisho? Kama hakuna anayejua, daftari la gari litashikwa na nani?

3. Gari linazimika kila asubuhi lakini chini pakavu. Mtafanya kipimo gani kabla ya kumwita fundi?

4. Mwenzenu ametobolewa kiganja na mafuta ya nozo, anasema haumii. Mtafanya nini, na hospitali yenye daktari wa upasuaji iko umbali gani kutoka kwenu?

Mpaka juma lijalo wakati kama huu, nawatakia kazi njema na safari salama. Kwa herini.

(Muziki wa kufunga.)